Nilidhani Babu Anatania

Wiki iliyopita mama mmoja aliingia kwenye duka ninalofanyia kazi, duka la vifungo, nyuzi na zipu, akawa anachagua vifungo vya kanzu ya mwanawe. Nje jua lilikuwa kali na ilionekana kichwa kinamsumbua. Alitoa kichupa kwenye pochi, akajipaka mafuta kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, halafu akaendelea kuchagua. Yalikuwa mafuta ya karafuu. Nilimfungia vifungo vyake, nikampa chenji yake, na alipotoka nikabaki nimeshika kaunta kwa mikono miwili. Harufu ilikuwa imebaki dukani. Nami nilikuwa mtoto tena, nimepiga magoti nyuma ya kiti cha babu, nampaka uvimbe kichwani, na huku namcheka.

Nilikulia hapa hapa Kariakoo, katika nyumba ya chini yenye ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, na ua nyuma. Maghorofa yalikuwa yameshaizunguka nyumba yetu pande zote, hivyo jua lilishuka uani adhuhuri tu, tena kwa muda mfupi, na wanawake walikuwa wakihamisha nguo kutoka kamba hii kwenda kamba ile kulifuata. Chumba cha mbele walilala babu na bibi. Mimi na mama tulilala chumba cha pili, na vilivyobaki tuliwapangisha watu. Mama alikuwa mkaanga samaki Feri, akiondoka alfajiri na kurudi jioni akinuka mafuta na chumvi, kwa hiyo walionilea mchana kutwa walikuwa wazee hao wawili.

Babu alikuwa fundi wa mabegi. Alikaa barazani na mkasi wake mkubwa, sindano za kushonea turubai na mkebe wa vichwa vya zipu, na watu wa safari walimletea mabegi yaliyochanika. Bibi alikuwa ndani na jiko lake. Nami nilikuwa mke wa pili. Ndivyo tulivyo watu wa pwani, mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na bibi ni mke mwenzake. Bibi alikuwa Bi Mkubwa, mimi nikawa Bi Mdogo, na jina hilo lilienea mtaa mzima hata wauza maji wakaniita hivyo.

Nilikuwa mtoto wa aibu sana. Darasani mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua kabisa, nilitazama miguu yangu mpaka amuulize mwingine. Mgeni akija nyumbani, nilijificha nyuma ya pazia. Lakini kwa babu mdomo wangu ulifunguka. Sijui alifanyaje. Nadhani ni kwa sababu hakunisemesha kama mtoto. Kila nilipotoka shule, nikiwa bado na begi mgongoni, aliinua uso kutoka kwenye kazi yake na kunikazia macho.

"Wewe nani? Mtoto wa nani, unaingia tu kwenye nyumba za watu?"

"Mimi mkeo."

"Mke wangu yule kule jikoni, ana meno mawili. Wewe una meno mengi, utanimalizia wali."

Bibi alijibu kutoka ndani bila kuitwa. "Nina meno matatu, mzee muongo wewe! Na huyo kigoli wako mwambie aje aoshe masufuria, mume si wa bure."

Wakati mwingine babu alijifanya kiziwi. Wakati mwingine alijilaza kwenye mkeka, akafumba macho na kushikilia pumzi, mpaka nimtekenye. Siku moja alijificha nyuma ya mlango wa chumba cha mpangaji, bibi akamtafuta na ungo mkononi akidhani ametoroka bila kula. Utani ulikuwa ndiyo lugha ya nyumba yetu. Hata ugomvi wa kweli ulipotokea kati yao, ulianza kwa utani na kuishia kwa utani, na mtu asiyetuzoea asingejua hasira ilipitia wapi.

Alianguka wakati wa mvua za masika. Ua ulikuwa umeota utelezi wa kijani, na babu alikuwa anakwenda bafuni na ndoo yake. Mguu uliteleza, kichwa kikagonga mwimo wa mlango. Wote tulikuwapo: mimi, bibi, na wanawake wawili waliokuwa wakifua. Alikaa pale chini kwenye maji, ndoo imelala pembeni, kofia imemfunika jicho moja.

"Mzee," bibi alisema, "kibla kiko upande ule. Mbona unasujudia choo?"

Tulicheka. Babu naye alicheka, akasema amesukumwa na Bi Mkubwa kwa sababu ya wivu. Tulimwinua. Kulikuwa na uvimbe juu ya sikio, mdogo, usiozidi dengu iliyolowekwa, na ngozi haikuchanika. Bibi akanipa kichupa cha mafuta ya karafuu nimpake. Kesho yake uvimbe ulianza kushuka na baada ya siku chache tukausahau. Asubuhi zote hizo babu aliendelea kumeza kidonge chake cha aspirini na chai. Hakuandikiwa na daktari. Rafiki yake wa msikitini alimwambia kwamba inalainisha damu na kuzuia kiharusi, na tangu hapo hakuiacha, kama mtu asivyoacha andazi lake.

Mvua zilipokwisha babu alianza kubadilika, lakini kidogo kidogo sana. Alisema kichwa kizito. Alisinzia barazani sindano ikiwa mkononi. Alifunga vifungo vya shati vibaya, upande mmoja ukawa juu na mwingine chini, na alipoambiwa alijitazama kifuani kana kwamba shati ni la mtu mwingine. Alimimina chai pembeni mwa kikombe.

"Unaunywesha mkeka?" bibi alimuuliza. "Una kiu?"

Kijana mmoja alirudi na begi lake la safari, amelishika juu ili kila mtu alione. "Mzee wangu, zipu umeitia ndani nje! Sasa nikishapanga nguo, niingie mwenyewe humo ndiyo nilifunge?" Baraza zima lilicheka. Babu alilitazama lile begi kwa muda mrefu. Aliwatazama watu, akaona wanacheka, ndipo naye akacheka. Nakumbuka nilifurahi. Niliona babu amebuni mchezo mpya, mkubwa kuliko yote, mchezo wa kukosea kila kitu, na nilisubiri kila siku aongeze lingine.

Akaongeza. Mguu wa kulia ulianza kuburuza. Ndala yake ilitoa mlio sakafuni, shwaa, shwaa, hata ukiwa chumbani ulijua babu anapita ukumbini. Jioni moja, wanawake wakiwa uani wanachambua mchele, nilivaa ndala zake, nikainamisha bega moja, nikakatiza ua nikiburuza mguu na kuongea kwa ulimi mzito: "Bi Mkubwa, chai yangu iko wapi?" Walipiga makofi. Mmoja alianguka ubavu kwa kucheka. Babu alikuwa ameketi kwenye kigoda chake karibu na bomba, na yeye pia alicheka.

"Mwone Bi Mdogo," alisema polepole. "Anatembea kama mumewe."

Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kuwachekesha watu. Mimi, niliyeshindwa kusimama mbele ya darasa! Nilionja kitu ambacho sikuwahi kukionja, na nilirudia jioni ya pili, na ya tatu, na nyingine zilizofuata. Mguu wake ulivyozidi kuburuza, nami nilizidi kuburuza wangu. Nilimtazama kwa makini ili nisikosee. Katika nyumba ile hakuna aliyeyatazama maradhi ya babu kwa karibu kuliko mimi, na nilikuwa nayatazama ili niyaige.

Mama alikuwa wa kwanza kuuliza. Jumapili moja hakwenda Feri, akamwona babu mchana. "Baba umepungua. Twende hospitali wakakupime."

"Nikaseme naumwa nini? Usingizi?" babu alimjibu.

"Ni uzee, mwanangu," bibi alisema. "Muache. Na nusu ya hayo anafanya kusudi, humjui baba yako?"

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Nilitoka shule njaa ikiniuma, nikamkuta barazani, kazi hana mkononi. Aliinua uso akanitazama.

"Wewe ni nani?" aliuliza.

Sauti ilikuwa ya chini, na hakukaza macho kama siku zote. Leo nikifumba macho naisikia tofauti ile waziwazi. Siku ile niliisikia pia, lakini niliiona kuwa ni ustadi. Nikajisemea leo babu kaleta kitu kipya, basi na mimi nimpe kipya. Nilisimama wima, nikashika kiuno kama nilivyowaona watu wenye mafaili waliokuwa wakipita mtaani kupima viwanja.

"Mimi ndiye mwenye nyumba. Nimekuja kuwatoa. Hapa nataka kujenga ghorofa."

Akautazama mkasi wake. "Leo?"

"Leo hii hii."

"Na vyombo?"

"Toeni vyombo vyenu mwende."

Akatikisa kichwa kukubali, kwa adabu, kama mtu anavyomkubalia mkubwa wake. Nilijiuma mdomo nisicheke. Nikaingia ndani, nikavua sare, nikala wali wangu, nikamkunia bibi nazi. Nilikuwa na furaha, maana niliona safari hii nimemshinda babu.

Niliporudi barazani kiti kilikuwa kitupu. Mkasi haukuwepo, sindano hazikuwepo, na mkebe wa zipu haukuwepo. Alikuwa amefungasha vifaa vyake vyote.

Nilimwita bibi. Nikamweleza nilichomwambia babu, na bibi akapiga kofi paja lake. "Akakubali? Basi yuko nyuma ya mlango wa mtu anatusikiliza. Ngoja nimpate." Tukaanza kumtafuta kwa namna tuliyozoea. Tulichungulia nyuma ya milango yote, chini ya vitanda, bafuni, nyuma ya mapipa ya maji. Bibi alikuwa akisema kwa sauti kubwa, "Wali unapoa, nampa paka!" ili atoke. Tuliita, tukacheka, tukanyamaza kusikiliza kama atakohoa. Muda ule wote babu alikuwa anatembea kati ya mikokoteni na pikipiki, katika mitaa iliyojaa watu na mizigo, mguu mmoja haumtii.

Sikumbuki ni lini bibi aliacha kucheka. Nakumbuka tu kwamba alikuwa amesimama ukumbini na kanga imemteleza begani, na hakuirudisha.

Aliyemleta ni Mama Rose. Huyu alikuwa mpangaji wetu, mtu wa Kilimanjaro, mwenye duka la vyombo vya plastiki Mtaa wa Kongo. Alikuwa mwema lakini hakuzoea mambo yetu. Bibi alipomtania alijibu kwa uzito, kama aliyeulizwa swali la kweli. Siku hiyo alikwenda Mchikichini kununua viatu vya wanawe, akamkuta babu ameketi juu ya lundo la viatu vya mitumba, begi lake la vifaa mapajani, mguu mmoja hauna ndala na kidole gumba kinatoka damu. Vijana wauza viatu walikuwa wakimtania: "Mzee, kiatu cha pili utakipata kesho, leo tunauza kimoja kimoja!" Mama Rose akampakia kwenye bajaji.

"Mama, nani kamfukuza mzee nyumbani?" aliuliza wakati anamshusha. "Njia nzima anasema ametolewa."

Bibi, kwa faraja ya kumwona, alianza tena kucheka. "Katolewa na mke wake mdogo."

"Mimi sicheki, Mama," Mama Rose alisema. "Nimemkanyaga mguu ndani ya bajaji kwa bahati mbaya. Nimemkanyaga kweli kweli, na hakuuondoa. Hausikii. Na sikiliza anavyoongea. Huyu mzee anaumwa. Bajaji nimeizuia nje, tumpeleke sasa hivi."

Ndipo sote tukamtazama babu. Alikuwa amesimama mlangoni, anasubiri kuruhusiwa kuingia.

Hospitali ilikuwa imejaa. Mama alipigiwa simu akatukuta huko, bado amejifunga aproni. Babu alipelekwa kwenye mashine ya kupiga picha ya kichwa, na baadaye daktari, dada mmoja kijana mwenye sauti ya upole, alikaa nasi kwenye benchi.

"Mzee aliwahi kuanguka miezi hii ya karibuni? Au kujigonga?"

"Hapana," alisema bibi. Halafu akasema, "Labda ile ya bafuni. Lakini ile haikuwa kitu. Ile tulicheka."

Daktari alimtazama kidogo, akauliza babu anatumia dawa gani. Bibi akamtajia aspirini. Daktari akatueleza kwamba kuna damu imekusanyika kati ya fuvu na ubongo, damu ya siku nyingi, na inaukandamiza ubongo upande mmoja. Mtu akizeeka ubongo wake husinyaa, alisema, na vile vimishipa vinavyoushikilia huvutika vikawa vyembamba, kwa hiyo hata pigo dogo lisiloacha jeraha linaweza kukata kimoja. Kinavuja taratibu, wiki baada ya wiki. Na dawa ile ya kila asubuhi ilizuia damu kuganda.

"Kama mbata," bibi alisema kwa sauti ndogo. "Nazi iliyokaukia ndani ya kifuu. Ukiitikisa inagonga."

"Ndiyo, Bibi. Kama mbata."

"Tungemleta siku ile?"

Daktari alisema watatoboa fuvu na kuitoa damu, kwamba wengine wanarudi kama walivyokuwa, wengine wanarudi nusu, na wengine, kwa umri kama wa babu, hawarudi. Mama alifuta mikono kwenye aproni, akaweka kidole gumba kwenye karatasi ya ruhusa.

Mimi nilikuwa mwisho wa benchi. Hakuna aliyenisemesha, na maelezo ya daktari sikuyaelewa yote. Nilichokielewa nilikipata siku zilizofuata, wageni walipokuja kumpa pole bibi naye akawasimulia. Kila mara alisimulia hivi: "Alishtuka, akatoka nyumbani, ndipo damu ikamzidi kichwani." Nilikuwa nawaandalia chai wageni hao. Nikaunganisha mwenyewe. Alishtuka kwa sababu ya maneno yangu. Mshtuko ukapasua mshipa. Basi mimi ndiye niliyempasua babu kichwa, kwa mdomo wangu, mdomo ule ule uliokuwa umefunguka kwake tu. Sikumwuliza mtu kama ni kweli. Mtoto wa aibu hata kosa lake halisemi, analifanyia kazi peke yake.

Babu alirudi. Walikuwa wamemnyoa, na juu ya sikio kulikuwa na makovu mawili ya mviringo yaliyobonyea. Alitembea kwa fimbo. Mkono wa kulia haukuweza tena kushika sindano, na maneno yalimtoka moja moja, akiyasubiri. Lakini alimtambua mama, alimtambua bibi, na siku ya kwanza aliulizia habari za mkasi wake. Majirani walisema tumebahatika sana. Na kweli tulibahatika.

Nilitoka shule nikamkuta kwenye kiti chake. Aliinua uso.

"Wewe... nani?" alisema. "Mtoto... wa nani?"

Nilimtazama machoni nione kama anatania au hanitambui, na sikuweza kujua. Niliogopa. Nikikosea tena, nikasema neno tena, je?

"Mimi Mwanaidi, babu," nilijibu. "Mtoto wa Halima, binti yako. Shikamoo."

"Marahaba," alisema.

Kesho yake aliniuliza tena, nikamjibu vilevile. Na kesho kutwa. Nilikuwa mpole kwake kuliko nilivyowahi kuwa. Nilimletea maji kabla hajaomba, nilimvalisha ndala, nilimfunga vifungo vya shati sawasawa, nikaondoka bila kusema. Wageni walinisifu kwa adabu. Bibi peke yake ndiye aliyeona.

"Mwenzangu," aliniambia siku moja mbele ya babu, "mbona unampa mume majibu ya karani wa sensa?"

Nilichukua ndoo nikaenda bombani. Nikiwa nyuma ya mlango wa uani nilimsikia babu anazungumza na bibi, kwa kazi kubwa, akiokota neno moja baada ya jingine.

"Bi Mdogo... kaniacha."

"Kakuacha?"

"Hata talaka... hakudai."

Bibi alicheka. Nilisikia vizuri na nilijua maana yake, maana nilikuwa mtu mwenye akili timamu wa darasa la sita. Mtu asiyenifahamu asingeweza kusema maneno yale. Ningeweza kuweka ndoo chini na kuingia. Nilisimama pale mpaka ndoo ikafurika na maji yakanilowesha miguu, halafu nikaibeba nikapita ukumbini nikiwa nimetazama chini.

Aliniuliza mimi ni nani kwa muda mrefu sana baada ya hapo. Kisha ikawa siku moja moja. Kisha nilikuwa natoka shule, ananitazama tu, nasema shikamoo, anaitika, nakwenda kubadilisha nguo.

Masika yaliyofuata kifua kilimbana. Mtu anayelala sana kitandani, walisema, kifua chake kinajaa. Alifariki alfajiri, mama akiwa hajaondoka bado kwenda Feri, na alizikwa siku hiyo hiyo.

Nilipokua kidogo mama alinieleza vizuri aliyoyasema daktari. Damu ilikuwa inavuja tangu ule utelezi wa bafuni, wiki nyingi kabla sijajifanya mwenye nyumba. Maneno yangu hayakupasua chochote. Alinieleza akichambua dagaa, wala hakujua ananiondolea kitu gani. Nilidhani nitapumua, na kwa siku kadhaa nilipumua. Halafu nikaona kinachobaki. Kumwiga mguu nilifanya kwa ujinga, na nyumba nzima ilikuwa na ujinga huo. Lakini alipokuwa barazani na kichwa chake kilichotobolewa, akijikusanya kila siku ili anitupie lile swali, nilikuwa najua. Si mara zote, ila mara nyingi nilijua. Sikumrudishia utani wake kwa sababu nilijionea huruma mimi.

Kwenye msiba wake walikuja wajukuu kutoka Kisarawe, wajukuu wa kaka yake, na hao hawakuwa na aibu. Mmoja alivaa kofia ya babu, akachukua fimbo yake, akatembea ukumbini akiburuza mguu wa kulia na kuuliza nani kala wali wake. Wanawake walilia na kucheka kwa pamoja, wakamtunza. Aliiga vibaya. Bega aliliinamisha upande usio wake. Nilikuwa napita na sahani za pilau, na wote waliponitazama wakijua mimi ndiye bingwa, niliharakisha kwenda chumba cha mbele.

Bibi alikuwa ndani peke yake, amejifunika nguo nyeupe, ameegemea ukuta. Wanawake waliokuwa naye walikuwa wametoka kuangalia vituko vya ukumbini. Nilimwekea sahani yake, nikageuka.

"Wewe mke gani?" alisema. "Mume kafa unapitapita na sahani kama mpishi wa kukodi. Njoo hapa ukae eda."

Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia. Nilisimama mlangoni. Ile hofu ya kukosea ilinijia tena, na sijui kwa nini safari hii haikunifunga mdomo.

"Siwezi, mwenzangu," nilisema. "Nina mtihani wa darasa la saba. Kaa wewe kwanza, nikimaliza nitashika zamu."

Bibi alinikodolea macho. Kisha akaanza kucheka, mabega yakimtikisika chini ya ile nguo, na akacheka mpaka akalazimika kujifunika uso.

"Ee Mungu wangu," alisema kutoka ndani ya nguo. "Laiti angelisikia hilo."